Pambizoni

Kipimajoto cha dirishani kilishuka hadi thelathini na moja
chini ya sufuri, kikakwama hapo, kimechoka kuhesabu.
Saa kumi jioni, giza likiwa limeshatimiza saa mbili,
umeme ukakatika, na paja la nguruwe nusu bichi ovenini.

Tukajikusanya kwenye jiko la kuni:
Eelis na soksi zake jozi tatu,
mjomba Urho na kikohozi chake,
shangazi Hilkka katika kiti kinacholalama kabla yake.
Mchana tulikuwa makaburini, kama kila mkesha.
Mishumaa ndani ya theluji, kila mwali
ukijichimbia kishimo cha rangi ya asali.
Mmoja aliuwasha kwa Arvo, mumewe.
Wa pili akauchomeka kando ya ua, pasipo na kaburi.
Nikadhani ni uzee.

"Soma," aliniambia. "Ila usinisomee ya malaika.
Ile naijua kuliko magoti yangu."

Nikachukua kitabu kisicho na jalada,
cha senti hamsini kwenye mnada wa kanisa.

Hakuna nyota humo. Hakuna wachunga kondoo.
Kuna karani wa sensa, vidole vya miguu vimekufa ganzi,
amefika Bethlehemu na gunia la karatasi.
Anahesabu vichwa, mitungi, mbuzi, mizeituni.
Chumba cha mwisho mjini amekichukua yeye.

"Kumbe ndiye mbaya!" akasema Eelis.
"Ndiye serikali," akakohoa mjomba Urho, kisha akasinzia.

Jua linazama, karani anajumlisha:
watu elfu moja mia tatu na kumi na wawili.
Anapiga lakiri.
Usiku wa manane anasikia kilio chini ya sakafu,
si cha mbuzi, mbuzi wote anawajua.
Anashuka na taa. Mwanamke.
Mwanamume mwenye vumbi la mbao ndevuni.
Kitu kidogo kimeviringishwa.
Naye, kwa mazoea tu ya kazi, anauliza:
*Jina lake nani?*

Wanamwambia.

Anapanda ngazi. Kuvunja lakiri ni viboko arobaini.
Anakaa na kalamu mpaka wino unaganda.
Alfajiri anaondoka, punda wake akichechemea,
na hadithi inaishia hapo:
*Hesabu ilikuwa sawa. Mtoto hakuwamo.*

"Ndio mwisho?" Eelis alikuwa karibu kulia. "Na dhahabu je?"
Nikafunga kitabu. Gogo likapasuka jikoni.

"Rudi pale alipouliza jina," alisema shangazi.
Nikarudi.
"Tena."
Nikasoma tena.

"Desemba, mwaka wa hamsini na saba," akasema, macho kwenye moto,
"mkunga alikuja kwa skii. Akaishi saa mbili.
Mtoto, si mkunga."
Akacheka kidogo, mahali pasipo pa kucheka.
"Barabara ilipofunguka, mchungaji alikuwa
ameshafunga kitabu cha mwaka.
Alinipa mkono. Alikunywa kahawa yangu, vikombe viwili.
Jina hakuuliza."

Kisha: "Nipe penseli."

Eelis akapekua mkoba wa shule,
akaja na ya kijani, iliyotafunwa.
Shangazi akakisogeza kitabu karibu na mwali,
akaandika pambizoni, kando ya lile swali,
polepole, kama mtu anayetia uzi sindanoni.
Sikuinama kutazama.

Umeme ukarudi bila adabu.
Friji ikanguruma, redio ikaropoka katikati ya sentensi,
mjomba Urho akazinduka, akauliza kama nyama imeiva.
Na Eelis, aliyejua kusoma mwaka huu huu,
akauinamia ukurasa, kidole juu ya kijani,
akatamka kama anavyotamka kila kitu siku hizi,
mabango, pakiti za maziwa:

"Ra. U. Ni."

"Hivyo hivyo," alisema shangazi Hilkka.
"Haya, pangeni sahani."